Taimingi ya Gunia

Nimeulizwa swali ambalo naona linazunguka vijiweni kuanzia Lupiro hadi Malinyi mjini: hizi sidiai za kuprogramu, vijiboksi vya kupigisha moto wa plagi ambavyo fundi huviunganisha na kompyuta au simu akapanga mwenyewe moto uwake lini, zinamfaa bodaboda wa huku kwetu? Jibu langu fupi ni kwamba zinamfaa. Ila wanaozisifia huzisifia kwa ajili ya mbio, na mimi nazitaka kwa ajili ya gunia.

Mtazame dereva wa Malinyi mwezi wa tano na wa sita, mpunga ukitoka shambani. Nyuma kuna magunia mawili, na moja ni lumbesa iliyoshonewa kofia juu. Anatoka mbugani kwenda kwenye mashine ya kukoboa, Mtimbira au Itete. Njia ni tope jeusi lililokauka juu tu, ukikanyaga unazama. Gia ya kwanza, gia ya pili, rudi ya kwanza. Injini inazunguka mara 3,000 au 3,500 kwa dakika, mafuta yamefunguliwa mpaka mwisho, na mwendo wenyewe baiskeli inaupita. Upepo wa kupoza silinda haupo, na injini hizi hazina rejeta. Bonde letu nalo liko chini, mita 300 hivi kutoka usawa wa bahari, joto na unyevu vyote vyetu. Kazi ndiyo hiyo. Wakati huohuo ndani ya sidiai kuna jedwali la namba lililoandikwa kiwandani kwa ajili ya mteja wa Lagos, wa Lima na wa Ifakara kwa mpigo mmoja.

Tuanzie kwenye moto wenyewe. Watu wengi wanadhani petroli ikipigwa cheche inalipuka papo hapo. Hapana. Moto unaanzia kwenye ncha ya plagi, unatanda, unazifikia kuta za silinda, na safari hiyo inakula sehemu mbili tatu za elfu za sekunde. Muda mdogo, lakini injini nayo haikusubiri. Kwa mizunguko 1,500 kwa dakika, ndani ya sehemu mbili za elfu za sekunde krenki imegeuka digrii 18. Kwa mizunguko 6,000 imegeuka digrii 72. Ndiyo maana cheche inapigwa pistoni ikiwa bado inapanda, ili nguvu kubwa ya mgandamizo ije pistoni ikiwa imeshapita juu na kuanza kushuka, kama digrii 15 hivi baada ya kilele. Umewahi kusukuma pikipiki iliyonasa kwenye tope, dereva akiibembeleza mbele na nyuma? Ukiweka bega wakati inarudi, inakurudisha wewe. Ukichelewa, unasukuma hewa. Lazima uikute inageuka kuja mbele.

Moto ukiwahi kupita kiasi, mgandamizo unaikuta pistoni ikipanda. Injini inagonga, mlio kama wa kokoto ndani ya chuma, joto linapanda, na kwa siku mbaya pistoni inatoboka katikati. Moto ukichelewa, petroli inaendelea kuungua wakati valvu ya kutolea moshi imeshafunguka. Hapo nguvu inakwenda nje, shingo ya ekzosi inaiva mpaka inabadilika rangi, na dereva analalamika kwamba pikipiki inakunywa mafuta. Mafundi wengi wakisikia lalamiko hilo wanashika bisibisi na kuanza kuchokoa kabureta isiyo na kosa lolote.

Wazee walikuwa na njia yao. Pikipiki za zamani, zile za Uingereza, zilikuwa na kiwiko kidogo kwenye usukani cha kuwahisha na kuchelewesha moto. Dereva alichelewesha kabla ya kupiga kiki, maana asipofanya hivyo kiki ingerudi na kuvunja mguu, na ikishawaka aliwahisha kidogokidogo kadiri mwendo unavyopanda. Akifika mlimani anachelewesha tena. Dereva ndiye aliyekuwa ramani ya taimingi, na sikio lake ndilo lililokuwa kihisi. Baadaye vikaja vizito vidogo vya chuma vinavyotanuka kwa mzunguko na kusogeza platini. Kisha ikaja sidiai. Kawasaki H1 ya mwaka 1969 ilitoka nayo, enzi ambayo pikipiki nyingi duniani zilikuwa bado za platini. Leo Boxer, TVS, Haojue na jamii yote ya toyo za Kichina zinatembea na kijiboksi hicho chini ya siti au chini ya tangi, kikubwa kama viberiti viwili hivi, na hakuna anayekikumbuka mpaka siku kinapokufa.

Kazi yake inastahili dakika zako chache. Sumaku inayozunguka na krenki inatengeneza umeme unaojaza kapasita, volti mia mbili au tatu na zaidi. Pembeni ya sumaku kuna nundu, na nundu hiyo ikipita mbele ya pikapu, pikapu inapeleka taarifa kwenye boksi: pistoni inakuja. Boksi likifungua mlango, umeme wote wa kapasita unamwagika kwenye koili kwa mara moja, na koili inaupandisha mpaka maelfu kwa maelfu ya volti, plagi inapiga. Kwa sababu sumaku iko kwenye krenki, cheche inapigwa kila mzunguko, hata ule wa kutoa moshi ambao hauna cha kuwasha.

Sasa sikiliza jambo ambalo ukilielewa utakuwa umewazidi mafundi wengi. Boksi haliwezi kupiga moto kabla ya taarifa ya pikapu. Linaweza kusubiri tu. Tuseme taarifa inafika digrii 40 kabla ya kilele. Ukiwa kwenye mizunguko 1,500 na unataka digrii 10, boksi linahesabu digrii 30 za kusubiri, sawa na sehemu 3 za elfu za sekunde na kidogo. Ukiwa kwenye mizunguko 6,000 na unataka digrii 30, linasubiri digrii 10 tu, ambazo hazifiki hata theluthi ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Linapima muda kati ya nundu kupita na kupita tena, linajua mzunguko, linatazama kwenye jedwali, linasubiri, linapiga. Hilo jedwali ndilo ramani. Upande mmoja mizunguko, upande wa pili digrii. Kuprogramu sidiai ni kuzibadilisha namba za upande wa pili, basi, hakuna uchawi mwingine.

Kwa injini nyingi ndogo za kupozwa na hewa, namba hizo zinaanzia kwenye digrii 10 hivi injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila mkono wa mafuta kufunguliwa, zinapanda mpaka karibu 30 kwenye mizunguko 4,000 au 5,000, halafu zinatulia. Utauliza kwa nini zisiendelee kupanda wakati injini inazidi kukimbia. Ni kwa sababu mwendo ukiwa mkubwa hewa ndani ya silinda inavurugika zaidi, na moto kwenye hewa iliyovurugika unatanda haraka. Injini inajisaidia yenyewe.

Tatizo letu la Malinyi liko hapa. Sidiai ya kawaida inajua mizunguko tu. Haijui mzigo. Mizunguko 3,500 ya kijana aliye peke yake, anateleza kwenye barabara kavu ya kwenda Sofi, mafuta kayafungua robo, na mizunguko 3,500 ya yule mwenye magunia mawili kwenye tope, kwa boksi ni kitu kimoja, na vyote vinapewa digrii zilezile. Kumbe ndani ya silinda ni dunia mbili. Mafuta yakifunguliwa robo, hewa inayoingia ni kidogo, moto unatanda polepole, unataka kuwashwa mapema. Yakifunguliwa yote, silinda inajaa, mgandamizo ni mkubwa, moto unakimbia, unataka kuchelewa kidogo. Ukimpa mwenye gunia namba za yule wa peke yake, injini inagonga, na kwa sababu ekzosi inanguruma na mzigo unalia, yeye mwenyewe hasikii.

Watengenezaji wanalijua hilo. Bajaj, kwenye pikipiki kama Pulsar, waliweka kihisi kwenye kabureta kinachoiambia sidiai mkono wa mafuta umefunguliwa kiasi gani, ili ichague ramani. Na kati ya maboksi ya kuprogramu, kampuni kama Zeeltronic ya Slovenia na Ignitech ya Jamhuri ya Czech zina matoleo yanayopokea taarifa ya mkono wa mafuta. Hayo ndiyo ningemshauri mwenye uwezo. Indonesia, ambako mashindano ya pikipiki ndogo yana mashabiki wengi, kuna BRT na wenzao wanaotengeneza maboksi kwa ajili ya vijana wa mbio. Mengi ya maboksi ya bei rahisi yanayoitwa "ya resi" hayana ramani unayoweza kuigusa hata kidogo. Yameondolewa tu kile kikomo cha mizunguko ambacho kiwanda kiliweka ili kukata moto injini isijipasue. Na injini za toyo nyingi za Kichina, zile za ukoo wa Honda CG125, zinafungua valvu kwa fimbo ndefu. Ni muundo mgumu kufa, ulioanza miaka ya 1970 kwa kuwafikiria watu wanaosahau matengenezo, lakini hazikuumbwa kwa mizunguko ya ajabu. Mtu anayeuza boksi la kuondoa kikomo kwa bodaboda wa mpunga, mimi simwelewi.

Halafu kuna ile njia ya mkato. Kijana anafika kwa fundi chini ya mwembe, anazima, hata kofia ngumu hajavua.

"Kaka, chuma kimekuwa kizito, niongezee moto."

"Unabeba nini siku hizi, mdogo wangu?"

"Mpunga."

"Basi hujui unachokiomba."

Fundi wa namna hiyo ni wa kumshukuru. Mwingine angefungua kava la sumaku, akatoa kile kipande kidogo cha chuma kinachofunga sumaku na krenki, akakipiga tupa upande mmoja, akarudisha sumaku ikiwa imesogea digrii tatu nne. Pikipiki inatoka pale inaruka, dereva anacheka. Lakini tupa haijui jedwali. Imeongeza digrii zilezile kila mahali, juu na chini, na kule chini kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,500, ambako gunia linaishi, ndiko kulikokuwa hakuna nafasi ya kuongeza. Hapo ndipo sidiai ya kuprogramu inapopata heshima yangu. Unaweza kupunguza digrii mbili kwenye eneo la tope, ukaacha kule juu kama kulivyo, na eneo la silensa ukaliweka mahali ambapo kiki hairudi.

Mafuta nayo yamo kwenye hesabu hii. Vijiji vingi vya huku petroli inauzwa kwa chupa, na chupa haina cheti. Tulikuwa na kipindi ambacho kuchanganya petroli na mafuta ya taa kulikuwa biashara nchi nzima, mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili tofauti ya bei isiwatamanishe wachakachuaji. Hali ikawa afadhali. Lakini anayeandika ramani ya pikipiki ya Biro au Kilosa kwa Mpepo asiiandike kwa petroli ya kituo cha Ifakara. Aiandike kwa chupa mbaya kuliko zote ambayo dereva atalazimika kuinunua mwezi wa nne. Mafuta ya taa yakiingia humo injini inagonga kwa digrii ambazo jana ilizivumilia.

Nigusie na wale vijana wanaozima swichi wakiwa kwenye mwendo, wanaacha mafuta yamefunguliwa, kisha wanawasha ghafla ili ekzosi ipige bomu mbele ya kijiwe. Kinachotokea ni kwamba mchanganyiko ambao haukuungua umejazana kwenye ekzosi ya moto, na ukiwashwa unalipukia huko. Hiyo nayo ni taimingi, ya aina ya kipuuzi. Watu wanashtuka, mama aliyebeba ndoo anaimwaga, na valvu ya kutolea moshi inapigwa kofi ambalo halikuwa kwenye hesabu ya mtu yeyote. Wapo wanaoandika ramani ya kufanya hivyo makusudi kwenye boksi. Sitawafundisha.

Sasa kwa fundi anayetaka kuifanya kazi hii sawasawa. Kwanza hakikisha injini ni nzima: plagi sahihi, uwazi wa valvu umepimwa, kabureta safi, masizi juu ya pistoni yametolewa. Ramani haiponyi injini mgonjwa. Pili, tafuta taa ya taimingi. Kwenye sumaku ya injini nyingi kuna alama zimechongwa, T na F. T ni pistoni juu kabisa, F ni mahali moto unapotakiwa kupigwa ikiwa silensa. Piga taa, tazama F inasimama wapi. Kama boksi linasema digrii 10 na alama inaonyesha 14, basi boksi halijui pikapu yako iko wapi, na kila namba utakayoandika baada ya hapo ni uongo. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayotofautisha fundi na mbahatishaji.

Tatu, anza chini. Nitoe mfano wa mwelekeo, si wa kunakili: digrii 10 kwenye 1,500, 14 kwenye 2,500, 19 kwenye 3,000, 22 kwenye 3,500, halafu panda taratibu mpaka 28 au 29 kwenye 5,000 na kuendelea. Pakia magunia mawili ya kweli. Usimpime dereva wa mpunga kwa kumzungusha tupu uwanjani. Peleka pikipiki kwenye tope, au kama ni kiangazi ipeleke kwenye mwinuko, barabara ile ya Londo inayokwenda kutokea Namtumbo ina miinuko ya kutosha kumtesa yeyote. Gia ya pili, mafuta yote, sikiliza. Kisha zima injini ukiwa bado na mzigo, usiiache ingurume silensa, toa plagi uitazame ikiwa na habari mpya. Kauri ikiwa na vitone vidogo vinavyometameta kama unga wa bati, hiyo ni pistoni yako inayeyuka. Toa digrii mbili kwenye mizunguko uliyokuwa unatembelea. Kauri ikiwa ya kahawia na ulimi wa plagi umebadilika rangi kwenye ncha tu huku shingo ya ekzosi ikiiva haraka, umechelewesha mno. Rudisha digrii moja. Moja, siyo tano. Badilisha eneo moja la jedwali kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichosaidia.

Na malipo? Kazi hii inakula nusu siku na zaidi, pamoja na petroli ya majaribio. Dereva aliyezoea kulipa fundi kwa kipuri kilichobadilishwa ataona analipia hewa. Mwonyeshe hesabu ya pistoni, ringi, na silinda kupelekwa kuchongwa Ifakara au Morogoro, pamoja na siku ambazo pikipiki italala katikati ya msimu wa mpunga. Tangu Daraja la Magufuli lifunguliwe Mei 2018 hakuna tena kusubiri kivuko pale Kilombero, spea zinafika upesi, lakini kufika upesi hakujazifanya ziwe za bure.

Ukimaliza, andika namba zote kwenye karatasi, mpe mwenye pikipiki azipige picha kwa simu yake, maana ni mali yake. Na ile sidiai ya kiwanda usiitupe wala usiichukue kwa ajili ya mteja mwingine. Ifunge kwenye nailoni, irudishe chini ya siti, na hakikisha waya za boksi jipya umezitengeneza kwa soketi ileile ya kiwanda. Mvua ikimkuta dereva Ngoheranga usiku, boksi jipya likazima, na nyuma yuko mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Lugala, dereva anachomoa moja, anachomeka nyingine, anapiga kiki, wanaondoka.